Kabla hujaituma mbele hiyo klipu ya siasa, angalia mwanamke kawekwa wapi

Umetumiwa klipu kwenye grupu, jamaa anafoka kwamba wananchi wa kweli wanaibiwa nchi yao na vigogo wakishirikiana na wageni, na wewe damu ishachemka. Subiri kwanza.

Anza na hili, mi naona ndo kipimo kikubwa: mwanamke anafanya nini kwenye hiyo stori? Mara nyingi utakuta "wanatuchukulia dada zetu", na dada mwenyewe hasemi chochote, yupo tu kama mali ya kulindwa. Gazeti la Kangura la Rwanda, lile la kuchochea chuki dhidi ya Watutsi, lilipotoa amri 10 za Wahutu Desemba 1990, amri ya kwanza haikuwa ya ardhi wala jeshi, ilisema Mhutu akioa Mtutsi ni msaliti. Na yule aliyeua watu 77 Norway mwaka 2011, andiko lake lilikuwa limejaa chuki kwa Waislamu, sawa, ila wanaopigania haki za wanawake nao aliwalaumu humohumo.

Lakini usidanganyike kwamba akisimama mwanamke jukwaani basi hakuna shida. Giorgia Meloni, mwanasiasa wa Italia wa mrengo wa kulia, akihutubia Roma 2019 alijitaja kuwa ni mwanamke, mama, Mkristo, watu wakaigeuza hotuba wimbo wa dansi wa kumcheka, ikasambaa balaa na jina lake likapaa, 2022 akawa waziri mkuu. Kwa hiyo hata kutuma kwa kejeli ni kutuma.

Alafu dini. Sikiliza kama klipu inakwambia ufanye ibada yoyote, usali, usaidie mtu, au inakwambia tu adui ni nani. Kama ni adui tu, hapo dini imevaliwa kama jezi.

Mitandao yenyewe nayo haiko katikati, kuanzia 2017 Facebook iliwahi kuipa ile emoji ya hasira uzito mara 5 ya laiki, yaani ukikasirika ndo posti inasukumwa zaidi. WhatsApp ukiona mishale miwili juu ya meseji ujue imeshapita mikono mingi, tafuta ilipoanzia na tarehe yake, video za zamani zinarudishwa sana kipindi cha uchaguzi.

Aliyekutumia usimshushue mbele ya grupu, atang'ang'ania tu. Mfuate inbox, muulize kaitoa wapi na nini kimemuuma humo, maana mara nyingi kinachomuuma ni cha kweli kabisa, kama ajira, ila kapewa mtu wa kumlaumu ambaye siye.