Kupanda vilima vya mawe vya Mwanza

Anayetaka kupanda vilima vya Mwanza kwa siku moja, kutoka korongoni hadi mgongoni juu, aanze saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu kufikia saa sita majabali huunguza kiganja, na wakati wa masika radi ni hatari kubwa kwa aliye peupe kileleni. Kushuka kunahitaji uangalifu zaidi: jabali lenye utando mweusi likilowa huteleza kama sabuni, hivyo geukia mwamba na ujaribu kila mahali kwa ncha ya kiatu kabla ya kuegemeza uzito. Usitie mkono katika ufa usiouona ndani. Pimbi hukaa humo, na nyoka pia. Beba lita 3 za maji, kwani maji ya Ziwa Victoria hayanyweki bila kuchemshwa.