Namna ya Kupima Athari za Hekalu Lenye Mgogoro kwa Wakazi na kwa Kura

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanahabari wa redio ya jamii, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), au mwananchi yeyote wa Uganda anayetaka kujua kwa uhakika jinsi jengo la ibada linalogombaniwa linavyowagusa majirani zake na linavyoingia kwenye sanduku la kura. Mfano wetu ni Ayodhya, mji wa kaskazini mwa India katika jimbo la Uttar Pradesh, kwa sababu huko mgogoro, ubomoaji, hukumu, ujenzi na uchaguzi vimekwisha kufuatana na kumbukumbu zake ziko wazi. Nitangulize msimamo wangu: anayetazama jengo peke yake atakosa sehemu kubwa ya athari, kwa kuwa nyingi huonekana kwenye barabara inayoelekea jengoni na kwenye karatasi za fidia.

Anza kwa kutenganisha mashauri mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya. La kwanza ni la uwanja wenyewe. Huko Ayodhya uwanja huo ulikuwa na msikiti wa Babri wa karne ya 16, ambao Wahindu wengi waliamini ulijengwa mahali alipozaliwa mungu wao Rama. Sanamu ziliingizwa ndani yake usiku wa Desemba 1949, na tarehe 6 Desemba 1992 umati wa watu ukaubomoa. Katika ghasia zilizofuata India waliuawa watu wapatao 2,000. Tarehe 9 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya India iliwapa Wahindu ekari 2.77 zilizokuwa zikigombaniwa na kuamuru Waislamu wapewe ekari 5 kwingineko, ingawa majaji haohao walisema kwamba uingizaji wa sanamu na ubomoaji vilikuwa kinyume cha sheria. Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka msingi tarehe 5 Agosti 2020, na hekalu likazinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Ekari tano za msikiti zilitolewa Dhannipur, umbali wa kilomita 25 hivi kutoka hapo. Umbali huo uandike katika daftari lako, maana fidia ya ardhi inayotolewa mbali na wanaoihitaji nayo ni athari kwa wakazi.

Shauri la pili ni la majirani, na mara nyingi huanza pale la kwanza linapokwisha. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Ili mahujaji wapite, mamlaka za Ayodhya zilipanua njia iitwayo Rampath, yenye urefu wa kilomita 13 hivi, na nyumba na maduka ya pembeni yakakatwa au kubomolewa kabisa. Fikiria duka dogo la maua, peremende na sanamu za shaba: mwenye duka amerithi biashara kwa babu yake, lakini jengo na ardhi ni mali ya hekalu la zamani au ya mtawa fulani, naye ni mpangaji tu. Duka linapokatwa, anayelipwa thamani ya ardhi ni mwenye ardhi, ilhali mpangaji hupewa kiasi kidogo cha kumwezesha kuhama. Wengi wa walalamikaji walikuwa Wahindu waliokuwa wakilitaka hekalu hilo kwa dhati, na hili ndilo jambo ambalo watu wa mbali walishindwa kulielewa.

Msomaji wa Buganda atautambua mkasa huo mara moja, kwa sababu ni hali ya mwenye kibanja, yaani mkazi anayetumia kipande cha ardhi bila kuwa na hati yake, juu ya ardhi ya mailo, ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mtu yeyote dini yake, tengeneza orodha ya viwanja vyote vinavyopakana na eneo la ujenzi na barabara zake, kisha uandike kwa kila kimoja nani mwenye hati, nani mwenye kibanja, nani mpangaji, na nani anauza barazani bila karatasi yoyote. Omba kuona risiti za busulu, yaani kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi. Mwenye kibanja aliyeishi na kutumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Serikali inapotwaa ardhi, Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ya Uganda ilisisitiza hivyo mwaka 2015 katika kesi iliyohusu ardhi ya barabara. Uliza basi tarehe mbili tu: fedha zilipokelewa lini, na tingatinga lilifika lini. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko hotuba kumi.

Katika miji kama Kampala na Jinja ongeza swali la tatu, yaani historia ya kiwanja tangu 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuzirejesha. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo na kisha akatakiwa kuhama huliona jengo linaloinuka hapo kwa jicho tofauti kabisa na mgeni.

Faida nazo ziandikwe. Ayodhya ilipata uwanja wa ndege mwishoni mwa 2023, stesheni mpya na hoteli. Angalia tu ni nani anayezipata.

Sasa tuje kwenye kura. Usitumie matokeo ya taifa kuelezea kijiji, wala kichwa cha habari kuelezea kituo. Mwaka 2024 chama cha BJP cha Modi, kilicholijenga jina lake kwa ahadi ya hekalu, kilishindwa katika jimbo la uchaguzi la Faizabad, ambamo Ayodhya imo: Awadhesh Prasad wa chama cha upinzani cha Samajwadi alimshinda Lallu Singh wa BJP kwa kura 54,567. Dunia ikasema majirani wa hekalu wamelikataa. Ukichambua kwa maeneo, utakuta kwamba katika eneo la Ayodhya lenyewe Singh alitangulia kwa pengo dogo, na kwamba vijiji vya jimbo hilo ndivyo vilivyomwangusha. Huko hoja zilikuwa ardhi na ajira, pia tabaka, kwa kuwa Prasad ni Dalit, yaani mtu wa tabaka la chini kabisa, aliyesimamishwa katika kiti kisichotengewa Dalit, na hofu ya kubadilishwa kwa katiba baada ya Singh mwenyewe kuizungumzia katika kampeni. Hekalu lilikuwa sababu moja kati ya nyingi.

Hapa kwetu, chukua fomu za matokeo zinazobandikwa kwenye kila kituo, uvipange vituo kwa umbali wake kutoka eneo la ujenzi, kisha ulinganishe na uchaguzi uliotangulia. Usitarajie hesabu ya dini, kwani Wahindu wa Uganda ni wachache mno kuamua kiti. Athari hupitia hasira ya ardhi, nayo hugeukia rangi ya mtu upesi. Aprili 2007, maandamano ya Kampala dhidi ya kukata sehemu ya msitu wa Mabira kwa ajili ya miwa yaliishia kwa kuuawa kwa mtu mwenye asili ya India ambaye hakuwa na uamuzi wowote juu ya msitu huo. Kwa sababu hiyo, unapotangaza matokeo ya uchunguzi wako redioni, taja ofisi iliyotoa kibali na tarehe yake, wala usiseme "Wahindi wamechukua".

Mwisho, pima mara ya pili. Februari 2025, katika uchaguzi mdogo wa Milkipur, eneo lililomo ndani ya Faizabad hiyohiyo, BJP ilishinda kwa zaidi ya kura 60,000. Aliyeandika mwaka 2024 kwamba siasa ya hekalu imekufa alilazimika kuandika upya. Rudi kwa wakazi walewale baada ya mwaka mmoja, ukiwa na orodha ileile ya viwanja, uone nani amelipwa, nani amehama, na nani amefungua duka jipya upande wa pili wa barabara.