Vipodozi vya Kikorea kwenye ngozi yetu: chukua njia yao, acha msururu wao

Kama umeangalia season za Kikorea hata mbili tu basi hili swali limeshakupitia kichwani, hawa watu wanapaka nini mpaka nyuso zinang'aa vile? Na hujajiuliza peke yako. Mwaka 2024 Korea Kusini iliuza nje vipodozi vya zaidi ya dola bilioni 10, makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yalishaanza zamani kununua kampuni za Kikorea, L'Oréal walichukua Stylenanda mwaka 2018, Estée Lauder wakachukua kampuni yenye Dr. Jart+ mwaka uliofuata, na huku kwetu ute wa konokono unauzwa kwenye kurasa za Instagram za Dar na Nairobi kama vitenge. Dada zetu wananunua, na kaka zetu pia siku hizi, tena wananunua vitu saba kwa mpigo halafu mwezi wa pili uso umejaa vipele na hela imekwisha.

Sasa mimi ninachosema ni hivi, Wakorea wana njia nzuri sana ya kutunza ngozi na inafaa kabisa kwa mtu mweusi, ila orodha yao ndefu ya kununua haikutengenezwa kwa joto la kwetu. Njia yao ni kuosha uso bila kuukwangua, kuupa maji, na kuukinga na jua kila siku ya Mungu. Hayo matatu yanafanyika kwa chupa tatu. Nne ukipenda.

Kwanza uelewe kwa nini wao wanapaka tabaka juu ya tabaka. Seoul mwezi wa kwanza baridi inashuka chini ya sifuri, hewa imekauka, ndani wanawasha joto la kupasha nyumba, ngozi inapasuka. Lazima upake maji, kisha kitu chepesi, kisha kizito, kisha cha kufungia. Ile habari ya hatua 10 ilivuma zaidi Marekani kupitia watu kama Charlotte Cho wa Soko Glam, na Korea kwenyewe wako wengi tu wanaopaka vitu vitatu wakaenda kazini. Wewe uko Temeke au Kisauni, jasho linaanza kabla hujafunga mlango, ukirundika krimu tano vitundu vya ngozi vinaziba na vile vipele vidogo vya paji la uso vinakuja mbio. Ila kama unaishi Njombe, Makete, Limuru, au uko Ulaya kwenye baridi, hapo kweli ongeza krimu nzito, hali ya hewa yako inafanana zaidi na ya kwao.

Usiku unaanza na kuosha. Wakorea wanaosha mara mbili, mwanzo na klinza ya mafuta, yaani mafuta ya kusafishia uso, halafu na sabuni laini ya uso yenye maji. Sababu yake ni ya kawaida tu, sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, na mekapu vimetengenezwa visitoke kwa maji, kwa hiyo unahitaji mafuta yaviyeyushe. Unapaka klinza ya mafuta kwenye uso MKAVU na mikono mikavu, unasugua taratibu kama dakika moja, kisha unalowesha vidole unaendelea kusugua mpaka inageuka nyeupe kama maziwa, hapo ndipo unasuuza. Watu wengi wanaruka hiyo sehemu ya kugeuka nyeupe, wanasuuza moja kwa moja, mafuta yanabaki usoni halafu wanasema klinza imewaletea chunusi. Baada ya hapo sabuni laini, kidogo tu. Kama siku hiyo hukupaka sanskrini wala mekapu, sabuni moja inatosha. Na asubuhi maji matupu au sabuni kidogo, basi. Zile sabuni za kipande za kufulia na kuogea tulizozoea zinaondoa kila kitu usoni, ukisikia uso umekaza baada ya kuosha ujue umeuumiza.

Kisha maji. Hapa ndipo wanakuuzia tona, esensi, seramu, ampuli, na ukiangalia kwa karibu vingi vinafanya kazi ileile. Chagua kimoja. Kama ngozi yako inawashwa na inakuwa nyekundunyekundu tafuta chenye sentela, ule mmea ambao chapa ya SKIN1004 wanauchukua hapo jirani tu Madagaska. Kama shida yako ni madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi tafuta chenye niasinamaidi, aina ya vitamini B3, asilimia 2 mpaka 5 inatosha na hizo za asilimia 10 si lazima, kuna ngozi zinachomwa. Kama ngozi imekauka tu basi ute wa konokono ni mzuri, ile COSRX maarufu ina ute asilimia 96 na kazi yake kubwa ni kushika maji kwenye ngozi, haifuti madoa kama wauzaji wanavyodai. Paka uso ukiwa bado na unyevu. Na kwa jinsi hewa ya pwani ilivyo na maji, wenye ngozi ya mafuta mnaweza kuishia hapo, krimu ya mchana si lazima kama sanskrini yenyewe ina unyevu.

Halafu tafadhali, kabla hujapaka kitu kipya uso mzima, paka kidogo chini ya taya karibu na sikio, siku tatu mfululizo usiku. Ikiwasha acha. Anza na kitu kimoja, kikae wiki mbili ndio uongeze kingine, la sivyo uso ukiharibika hutajua nani mchawi. Mwenye aleji ya vumbi au ya dagaa wa gamba kama kamba awe makini zaidi na konokono. Mama mjamzito aachane na chochote chenye retinoli, ile ya jamii ya vitamini A, mpaka aongee na daktari.

Sasa tuje kwenye sanskrini, na hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo Wakorea wametusaidia kweli. Sanskrini nyingi tulizozoea zinamuacha mtu mweusi na rangi ya kijivu kama amepakwa unga, kwa hiyo tukaziacha, tukajiambia sisi weusi jua halituhusu. Linatuhusu. Weusi wetu unatukinga kiasi fulani na kansa ya ngozi, lakini ndio huohuo unaofanya kila chunusi, kila mkwaruzo uache doa la miezi, na jua ndilo linalolifanya doa ligome kuondoka. Unaweza kununua seramu ya laki moja ya kufuta madoa, kama hupaki sanskrini asubuhi unajaza maji kwenye pakacha. Sanskrini za Kikorea nyingi zinatumia filta mpya, yaani viambato vya kuzuia miale ya jua, ambazo hazina weupe, zinapakaa kama losheni nyepesi na zinapotea. Beauty of Joseon wana ile ya mchele, SKIN1004 wana yao, ziko nyingi.

Kwenye lebo utaona SPF na PA. SPF ni kinga ya miale inayounguza, SPF 50 inapitisha kama asilimia 2 tu ya miale hiyo. PA ni kinga ya miale inayoingia ndani zaidi na kuleta madoa na makunyanzi, inahesabiwa kwa alama za kujumlisha, ya juu kabisa ni PA++++. Nunua SPF 50+ PA++++, jua letu la ikweta halina masihara.

Kipimo ndicho watu wanachokosea. Ile tone moja la katikati ya kiganja haifanyi kitu. Chora mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kuanzia mwanzo wa kidole mpaka ncha, hiyo ni ya uso na shingo. Ukiona nyingi paka mstari mmoja, subiri dakika mbili tatu, paka wa pili. Usisahau masikio na nyuma ya shingo. Kama unashinda juani, dereva wa boda, muuza matunda, mwalimu wa michezo, rudia kila baada ya masaa mawili au ukishajifuta jasho. Anayekaa ofisini mbali na dirisha asubuhi moja inatosha, arudie kabla ya kutoka.

Kuna jambo wauzaji hawasemi. Ngozi nyeusi inapata madoa hata kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, sio miale ya UV peke yake, na sanskrini zisizo na rangi hazizuii huo mwanga vizuri. Kinachosaidia ni oksaidi ya chuma, ile rangi ya kahawia inayowekwa kwenye faundesheni na sanskrini za rangi. Kwa hiyo kama una madoa makubwa ya mashavuni, yale ya baada ya ujauzito, paka sanskrini ya Kikorea halafu juu yake faundesheni ya rangi yako. Na ndugu zetu wenye ualbino, kinga yenu ni habari nyingine, kule hospitali ya KCMC Moshi kuna sanskrini ya Kilisun iliyotengenezwa kwa ajili yenu na inagawiwa kupitia kliniki, anzeni huko.

Kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia, mwambie aangalie vizuri. Kule sanskrini inahesabiwa kama dawa na kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa hawajaidhinisha filta mpya, kwa hiyo chapa zingine za Kikorea zinatengeneza toleo tofauti kwa soko la Marekani, jina lilelile ila ndani sio ileile. Na usiamini lebo kwa macho yamefumbwa kisa tu imetoka Korea, mwisho wa 2020 sanskrini moja ya huko iliyoandikwa 50+ ilipimwa ikakutwa karibu na 19, watumiaji dunia nzima walikasirika na walikuwa na haki.

Kusoma chupa. Geuza nyuma au angalia chini. Tarehe za Kikorea zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Pembeni ya tarehe angalia herufi. Ukiona 제조 hiyo ni siku iliyotengenezwa. Ukiona 까지 hiyo ndiyo mwisho wa kutumia. Wapo wanaotupa chupa nzima nzima wakidhani imeexpaya kumbe walisoma siku ya kutengenezwa, na wapo wauzaji wanaojua kabisa kwamba wewe huwezi kusoma. Kuna na kale kapicha ka kopo lililofunguliwa kameandikwa 12M au 6M, maana yake miezi ya kutumia tangu siku uliyofungua, andika hiyo siku kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa. Msimbo unaoanza na 880 ni wa kampuni zilizosajiliwa Korea lakini hata feki wanaukopi, usiutegemee peke yake. Bei ndiyo inayosema ukweli mara nyingi, ukikuta kitu kinauzwa theluthi ya bei ya Olive Young onlaini, lile duka kubwa la vipodozi la Korea, na hapo bado usafiri na ushuru, jiulize faida yake anaitoa wapi. Muombe muuzaji picha ya chini ya chupa aliyonayo yeye, sio picha ya Google. Mkweli atakutumia dakika hiyohiyo.

Na hili la weupe tuliseme wazi. Korea wana kundi rasmi la vipodozi vya kung'arisha linalosimamiwa na wizara yao ya chakula na dawa, viambato vyake ni kama niasinamaidi na abutini, vinapunguza madoa taratibu, havigeuzi mtu mweusi kuwa mweupe. Ukikutana na kopo limeandikwa whitening ya Korea, halina jina la kiwanda, halina orodha ya viambato, na muuzaji anakuahidi wiki mbili umetakata, huo ni mkorogo uliovalishwa hijabu ya Kikorea. Ndani kunaweza kuwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa za steroidi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na zebaki inaingia mpaka kwenye figo. Inaniuma sana kuona binti wa miaka 19 mashavu yamebadilika rangi, mishipa inaonekana, na bado anaambiwa aongeze kopo jingine. Kama umeshatumia mkorogo muda mrefu usiache ghafla ukaanza kujipaka konokono, nenda kwa daktari wa ngozi akushushe taratibu, kwa sababu steroidi ukizikata ghafla uso unaweza kulipuka.

Mwisho mekapu, kwa ufupi. Ile kushoni, sponji iliyolowa faundesheni ndani ya kikopo, ilitoka kwa Amorepacific mwaka 2008, na kwa miaka mingi rangi zake zilikuwa za watu weupe tu. Mwaka 2024 mwanadada mweusi wa Marekani anayejiita Miss Darcei alijaribu ya TIRTIR mbele ya kamera, akaonyesha rangi nyeusi kuliko zote bado ni nyeupe kwake. Kampuni ikamtumia nyingine, akasema bado, wakatengeneza tena, rangi zikapanda mpaka 30 na baadaye 40. Kwa hiyo sasa hivi unaweza kupata yako, ila usiagize kwa kuangalia picha ya simu. Muombe muuzaji mwenye testa, ile ya kujaribia, upake mstari kwenye taya, sio mkononi, toka nje kwenye mwanga wa jua, subiri dakika kumi maana kushoni nyingi zinabadilika kidogo zikikauka. Mstari ukipotea, hiyo ndiyo yako. Ukionekana wa kijivu, chukua yenye unjano au wekundu zaidi, na muuzaji akikulazimisha yenye weupe zaidi eti ndio inayotoka, rudisha testa uende duka la pili.