Kupanga nyumba ya mlimani Mwanza ukiwa na watoto na mbwa

Wadau mnaotaka kuja Mwanza likizo na familia nzima, mbwa naye akiwemo, nyumba za kupanga kwa siku chache zipo, zile za juu mlimani kwenye mawe ambazo ukikaa barazani ziwa lote liko mbele yako. Zipo upande wa Capri Point, zipo pia huko Ilemela. Ila kabla hujatuma hela uliza swali moja: mbwa atalala wapi?

Usiulize kama wanaruhusu mbwa maana kila mtu atakwambia ndio karibuni sana. Mwenye nyumba wa huku akisikia mbwa mara nyingi anawaza mbwa wa ulinzi, yule wa kufungwa mnyororo kule nyuma karibu na kibanda cha mlinzi, na wewe wa kwako kazoea kulala sebuleni na watoto, afu mnafika saa mbili usiku mmechoka ndo mnaanza kubishana getini. Kwahiyo uliza kabisa anaingia ndani au mwisho barazani, na je kuna mbwa mwingine hapo. Hili la mbwa mwingine watu wanalisahau sana, mbwa wa mlinzi akishafunguliwa usiku hajui kama nyie ni wageni na mmelipa. Na wenye nyumba wengine ni Waislamu, hana shida mbwa akae nje ila ndani panaposaliwa hataki, hapo usinune wala usimbembeleze, tafuta nyumba nyingine.

Picha za mtandaoni zinaonyesha ziwa tu. Mwombe mlinzi au dada wa usafi azunguke nyumba nzima na simu akurekodie vidio, kwa sababu nyumba nyingi za mlimani hazina fensi ya kuzunguka, upande mmoja ukuta, upande mwingine ni jiwe, na jiwe ambalo mtu hawezi kulipanda mbwa analipanda bila shida. Akurekodie na njia ya kufika, kuna nyumba gari inaishia chini kabisa huku kwingine ni ngazi katikati ya mawe, sasa fikiria una madumu ya maji, mtungi wa gesi na mtoto kakulalia begani. Maji nayo uliza, presha ya bomba kupanda mlimani ni shida, kama hamna simtanki kubwa sahau habari ya kumuogesha mbwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa, na kama ndo mara yake ya kwanza kuchanjwa basi iwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari, kinga haiji siku hiyohiyo. Beba cheti chenyewe, sio picha kwenye simu iliyoisha chaji. Mchome au mpake na dawa ya kupe kabla hamjatoka.

Njia. Hapa watu wa Arusha mnisikilize vizuri. Wengi mmezoea kukatiza Ngorongoro na Serengeti mnatokea geti la Ndabaka, ukiwa na mbwa hiyo njia haipo, mnyama wa kufugwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa, hata kama hashuki kwenye gari. Pitia Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, ni mbali zaidi ila ndo hivo. Wanaotokea Geita na Sengerema nyie sa hivi mmepona, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 mnavuka kilomita 3 za maji kwa dakika chache, zamani mngekaa foleni ya kivuko juani na mbwa anahema ndani ya gari. Mbwa asile shibe kabla ya safari, msimame kila baada ya masaa mawili matatu, na msimuache kwenye gari lililofungwa vioo hata kama mnaingia tu kununua chips mayai. Daladala na mabasi usitegemee, kodi Noah na mwambie dereva mapema kwamba kuna mbwa.

Mkishafika, kazi kubwa ni mawe. Kwenye hayo mawe wanaishi pimbi, wengi tu, na asubuhi wanatoka kuota jua, mbwa wa mjini akimuona pimbi anasahau jina lake. Pimbi anajipenyeza kwenye ufa, mbwa anamfuata anakwama, na pimbi ana meno, anang'ata kwelikweli. Kwenye nyufa hizohizo kuna nyoka, kifutu na swila. Wale mijusi wenye vichwa vyekundu na mkia wa bluu hawana neno, watoto waacheni wawapige picha. Kwahiyo siku mbili za kwanza mbwa atembee na kamba tu, kamba ndefu, na watoto wavae viatu vya kufunika. Saa sita mchana jiwe linakuwa la moto, weka kiganja chako juu yake, ukishindwa kukiacha hapo ujue nyayo za mbwa nazo zitaungua. Mvua ikinyesha mawe yanateleza vibaya, hapo hakuna mtu kupanda, sio mtoto sio baba.

Ziwani sasa. Najua mnakuja kwa ajili ya ziwa, ila maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani ndo makao ya konokono wa kichocho, na vijidudu vyake vinaingia kupitia ngozi, huhitaji kunywa maji. Mamba wapo pia, na mbwa anayerukaruka ukingoni jioni ni kumwita mamba kwa jina. Watoto waogelee kwenye bwawa la hoteli, mbwa aoge maji ya bomba. Ziwa tunaliangalia.

Chakula cha mbwa wala usihangaike. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi, nunua dagaa, wengi wameanikwa mchangani kwahiyo waoshe mpaka maji yawe safi, wachemshe bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa, changanya na ugali, maisha yamekwisha. Sato na sangara kuleni nyie, miiba usimtupie hata akikuangalia kwa huruma.

Usiku jiandae na radi, hasa mkija Machi mpaka Mei au Oktoba mpaka Disemba, mvua za ziwa zinapenda kuja usiku na huko juu mlimani radi unaisikia kama ipo darini. Mbwa muoga atavunja mlango. Mlaze chumba cha ndani, funga madirisha, acha shuka lenye harufu yenu. Juni mpaka Septemba kumetulia, mimi ndo miezi nnayoipendekeza.

Mkitaka kwenda kisiwa cha Saanane, boti ni dakika chache tu ila ile ni hifadhi ya taifa, mbwa haendi, gawaneni zamu mmoja abaki nae. Usimuachie mlinzi ambaye hajawahi hata kumpa chakula.

Siku mnayoingia zungukeni nyumba nzima mkirekodi vidio, makochi, milango, neti za dirishani, mtumie mwenye nyumba WhatsApp hapohapo ili mkwaruzo wa zamani usije ukawa wa mbwa wenu. Mkiondoka okota kinyesi chote, kung'uta manyoya kwenye makochi, mpe dada wa usafi chochote maana kazi yake imeongezeka, na hela ya amana irudishwe M-Pesa ukiwa bado umeshika funguo.