Mfundishe mtoto sarafu kwa genge la kuigiza

Usianze na hesabu, anza na wanyama. Mwagia sarafu mkekani akutafutie: hamsini ina faru, mia ina swala, mia mbili simba, jero, yaani mia tano, ina nyati, wa miaka minne anashika fasta kuliko tarakimu. Ila kama kuna mdogo anayetia kila kitu mdomoni subiri alale kwanza.

Halafu fungueni genge kibarazani, nyanya mafungu, dagaa kwenye kikopo kama wanavyopima soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ndimu. Bei ziwe za mchezo na ziwe rahisi, fungu mia, dagaa mia mbili. Kwanza yeye ndo muuzaji, maana watoto wanapenda kuuza bwana.

Chenji ndo shughuli yenyewe. Unampa jero unachukua dagaa za mia mbili, anahesabu kwa kuongezea: anaweka mia, "mia tatu", nyingine "mia nne", nyingine "mia tano", basi, hamna kutoa wala kukopa. Akikurudishia pungufu usimkatishe, we mdai tu kama mteja, "we muuza, mbona chenji yangu haijatimia?" atacheka na atahesabu upya.