Kukausha embe kwa mashine ya kugandisha

Kabla hujanunua, pima mlango na meza: mashine hii (freeze dryer, inayogandisha chakula kisha kukikausha kwa pampu inayonyonya hewa) ni nzito, ina kelele, na pampu yake hutoa joto. Yangu iko gerejini, hapa Minnesota. Unayetaka kuipeleka Dar, ulizia ya volti 230. Nyingi za Marekani ni za 110.

Embe likate vipande vyembamba, uligandishe kwanza kwenye friza. Kisha lipange kwenye trei za mashine na uiwashe; mzunguko mmoja wa kukausha huchukua kama saa 20 hadi 40. Ukiisha, vunja kipande kinene katikati. Kikiwa cha baridi au kinanata, rudisha trei zote kwenye mashine. Tafadhali usiwe na haraka hapa, maana unyevu kidogo tu huharibu mfuko mzima. Siagi usijaribu, mafuta hayakauki. Vipande vikiwa vikavu kabisa, funga papo hapo kwenye mifuko ya foili pamoja na kifyonza oksijeni, yaani kipakiti kidogo kinachonyonya oksijeni iliyobaki mfukoni.