Masikio ya show yakipasuka kwenye Hilux ya zamani

Mzee mmoja anayeshusha ndizi kutoka Matombo kuja Morogoro mjini aliniletea Hilux yake ya mwaka 1994, show ya mbele (grili, ile plastiki yenye matundu mbele ya rejeta) imefungwa kwa waya wa nondo. Masikio mawili ya juu, yaani vishikio vya kufungia, yalikuwa yamepasuka pale skrubu inapopita, na yalishapakwa supa gluu zaidi ya mara moja.

Sikugusa gundi. Niliitoa show yote, nikairudisha mahali pake bila skrubu hata moja. Tundu la kulia likapishana na tundu la bodi kwa upana wa kidole. Ugonjwa ulikuwa hapo: gari liligongwa zamani, bati linaloshika rejeta likarudi nyuma, na kila aliyefunga show aliivuta kwa skrubu mpaka ifike. Plastiki iliyopigwa jua miaka 30 haikubali kuvutwa. Kwa hiyo nyoosha bati kwanza. Ukiliacha limepinda, makorongo yatakurudishia ufa uleule.

Sasa geuza show utafute herufi nyuma. Nyingi za zamani ni ABS, aina ya plastiki ngumu. Kama hazisomeki, dondosha tone la asetoni (kimiminika kinachoyeyusha ABS) sehemu iliyojificha. Plastiki ikilainika na kunata, dawa ya uji wa ABS na asetoni itashika. Ikiwa ni PP, aina nyingine ya plastiki, asetoni haiifanyi kitu, itabidi uyeyushie vipande vya PP yenyewe, kwa mfano vya bampa bovu.

Uji unautengeneza jana yake: katakata mfuniko wa kibodi mbovu ulioandikwa ABS, tia kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni ifunike vipande, funga. Asubuhi unakuta umekuwa mzito kama uji wa ulezi. Fanyia nje, mbali na moto na sigara, maana asetoni hudaka moto upesi sana.

Osha sikio kwa sabuni, likauke. Toboa kitundu cha milimita 2 pale ufa unapoishia, ili ufa usiendelee kutembea. Upande wa nyuma, chonga ufa kwa kisu uwe mfereji hadi nusu ya unene, kisha piga msasa pembeni. Kata kipande cha wavu wa chuma wa dirishani, ukizamishe kwa chuma cha kulehemia cha mafundi redio. Bonyeza taratibu, plastiki ikianza kuchungulia kwenye macho ya wavu, inua. Chomoa umeme, chuma kipoe, ndipo ufungue chupa na kupaka uji, tabaka jembamba, likikauka lingine. Mimi huacha siku mbili.

Toboa upya tundu la skrubu, pana kidogo kuliko skrubu yenyewe. Chini ya skrubu weka washa pana na kipande cha tyubu ya baiskeli. Shika skrubu zote kwa vidole kwanza, halafu kaza kidogokidogo kwa zamu. Mpira ukianza kuvimba pembeni ya washa, toa bisibisi.